Kusaidia magofu ya Gede: tiketi, uanachama, vipepeo au chokaa?

Tangu Julai 2024, mji wa kale wa Gede, pwani ya Kenya, ulipoingizwa katika Orodha ya Urithi wa Dunia kwenye kikao cha UNESCO kule New Delhi, watu wameamka. Jamaa walioko Muscat na London wanauliza wachangie wapi. Walimu wanauliza walete watoto lini, na kila mwenye gari la watalii Watamu sasa ana picha ya mbuyu uliokumbatia ukuta. Swali ni jema. Ila likijibiwa ovyo, pesa zitaishia njiani na kuta zitabaki vilevile.

Tuelewane jambo moja kabla ya kwenda mbele. Kuandikwa UNESCO hakuleti mshahara wa mlinzi wala gunia la chokaa. Kunaleta jina, na pamoja na jina masharti, kwa kuwa nchi imeahidi mbele ya dunia kwamba itapatunza mahali hapo. Pesa za kila siku bado zinatoka zilikokuwa zikitoka: langoni, serikalini, na kwa watu wa hiari kama wewe.

Gede uko yapata kilomita 16 kusini mwa Malindi, pale barabara inapokata kuelekea Watamu. Ulikuwa mji wa Waswahili wa mawe ya matumbawe, wenye misikiti, jumba la mfalme, visima virefu na kuta mbili za kuuzunguka, na watu waliukimbia mwanzoni mwa karne ya 17. Nyumba zake leo zinaitwa kwa vitu vilivyofukuliwa ndani yake: Nyumba ya Mkasi, Nyumba ya Sanduku la Pembe, Nyumba ya Ushanga wa Venice. Mwaka 1927 serikali ya kikoloni iliutangaza kuwa kumbukumbu ya kihistoria. Mwaka 1948 ukapewa hadhi ya hifadhi ya taifa, sawa na mbuga za wanyama, na mwanaakiolojia James Kirkman akawekwa kuwa mwangalizi wake. Aliufukua kwa miaka kumi. Tangu 1969 uko mikononi mwa Makavazi ya Kitaifa ya Kenya.

Mahali kama hapa hudhoofika kwa njia mbili. Kuta zinaliwa na mvua, mizizi na miguu ya wageni. Na jirani asiyeambulia chochote anachoka kulinda kitu kinachowafaa wengine. Kila njia ya kuchangia huziba upande mmoja zaidi ya mwingine, na hapo ndipo pa kuchagua. Msimamo wangu nautoa mapema: shilingi ya mtu wa kawaida hufanya kazi kubwa zaidi kwa jirani kuliko ukutani. Ukuta unahitaji fundi na fungu kubwa.

| Njia | Unatoa nini | Anayenufaika kwanza | Inamfaa nani |
|---|---|---|---|
| Tiketi na mwongozaji | Pesa kidogo, nusu siku | Makavazi, na mwongozaji | Anayepita Malindi au Watamu |
| Uanachama wa Kenya Museum Society | Ada ya mwaka | Miradi ya makavazi nchi nzima | Familia inayotembea sana |
| Mradi wa Kipepeo | Kiingilio, ununuzi | Wakulima wanaopakana na msitu | Karibu kila mtu |
| ASSETS, karo za shule | Mchango wa mara kwa mara | Wanafunzi wa vijiji jirani | Walio mbali, vikundi |
| Mchango wa ukarabati | Fungu kubwa | Kuta zenyewe | Makampuni, taasisi |
| Mikono na sauti | Muda | Magofu na mazingira yake | Wenyeji, wanafunzi |

Tiketi au uanachama?

Tiketi ndiyo njia nyepesi kuliko zote, na watu huidharau. Unalipa, unaingia, na jina la Gede linahesabiwa kuwa mahali penye wageni. Hesabu hiyo ina uzito wakati wa kupanga nani apewe mlinzi wa ziada na nani asubiri. Siku hizi malipo ya serikali yanapitia eCitizen, kwa hiyo usifike na noti mkononi ukatarajia risiti ya karatasi. Uwe na simu yenye chaji na salio. Mwananchi hulipa kidogo kuliko mgeni wa ng'ambo, na mtoto kidogo kuliko mtu mzima.

Upungufu wake ni kwamba pesa ya langoni haibaki langoni. Makavazi ya Kitaifa yanatunza majumba na magofu mengi, kuanzia Nairobi hadi Lamu, na mengine hayaoni mgeni wiki nzima. Tiketi yako ya Gede inaweza kulipa umeme wa mahali usipopajua. Mimi sioni ubaya katika hilo, ila anayetaka kuona shilingi yake ikitua Gede hasa, tiketi peke yake haitamridhisha.

Uanachama wa Kenya Museum Society unakwenda mbali zaidi na ni wa mwaka. Hiki ni chama cha hiari chenye makao kwenye viwanja vya makavazi makuu ya Nairobi. Wanachama wake huingia bila kulipa katika majumba, maeneo na kumbukumbu zinazosimamiwa na Makavazi ya Kitaifa kote nchini. Ada zao, pamoja na mapato ya duka la zawadi na maonyesho ya sanaa, ndizo zinazofadhili miradi ya makavazi.

Hesabu ya kuchagua kati ya hizo mbili haihitaji kalamu. Kama wewe ni wa Mombasa na katika mwaka mmoja utawapeleka watoto Fort Jesus, Gede, na pengine Lamu likizo ya Agosti, chukua kadi ya familia. Kama unapita Watamu mara moja katika miaka mitatu, kata tiketi, na ile tofauti mpe mwongozaji.

Mwongozaji

Hapa sitafuni maneno: kuzunguka Gede bila mwongozaji ni kutazama mawe. Karibu na jumba la mfalme kuna kaburi ambalo wengi hulipita wakidhani ni ukuta uliobomoka. Mwongozaji ndiye anayekusimamisha, akakuonyesha maandishi ya Kiarabu yaliyochongwa kwenye lipu: mwaka 802 wa Hijria, yaani 1399 Miladia. Kaburi hilo moja liliwapa wachimbaji tarehe ya kushikilia walipopanga umri wa majengo yaliyo jirani nalo. Na mwongozaji huyohuyo ndiye atakayekwambia uondoe kiganja chako pale ulipokiegemeza, kwa sababu lipu ya chokaa yenye umri wa zaidi ya miaka 600 haisuguliwi na jasho la mikono mia kwa siku ikabaki salama.

Wahenga walisema mgeni njoo mwenyeji apone, na kwa Gede maana yake ni mtu huyu. Anayeishi kwa magofu huyalinda hata siku ambayo askari hayupo. Muulize bei kabla ya kuanza, na uulize pia kama imo kwenye tiketi au hulipwa kando. Kisha ukiridhika usione haya kuongeza.

Vipepeo

Ukishaingia langoni, kabla hujafika kwenye magofu, utaona jumba la wavu. Ni la Mradi wa Kipepeo, ulioanza 1993, na kwangu ndiyo njia bora kuliko zote zilizomo kwenye jedwali lile.

Ili uone ubora wake lazima ujue hali ilivyokuwa. Magofu ya Gede yamo ndani ya kipande cha msitu, na jirani yake ni Arabuko-Sokoke, msitu wa kilomita za mraba zipatazo 420, mkubwa kuliko misitu yote ya pwani iliyobaki Afrika Mashariki ikihesabiwa mmojammoja. Mapema miaka ya 1990 wakulima wengi waliopakana nao walitaka ukatwe wagawiwe mashamba. Wala huwezi kuwalaumu. Ndovu walikuwa wakiwalia mahindi, nyani wakiwamalizia muhogo, na faida ya msitu waliisikia redioni tu. Ukiwaambia watu hao watunze urithi wa dunia wataitikia kwa adabu na kuondoka na shoka zao.

Kipepeo kilikuja na kazi. Mkulima anafuga vipepeo majike kwenye kibanda cha neti kilichopandwa mimea ambayo kipepeo wa aina ile hutagia. Mayai yakianguliwa, viwavi hulishwa majani ya mimea ya msitu, na kila aina ina jani lake. Ukimpa kiwavi jani lisilo lake, anakaa nalo njaa hadi afe. Akishanenepa hugeuka pupa, akatulia ndani ya ganda, na hapo ndipo saa inapoanza kukimbia. Pupa anayo siku chache kabla hajatoka akiwa kipepeo, kwa hiyo mkulima humkimbiza Gede, anakaguliwa, anahesabiwa, analipiwa, anafungwa kwa pamba ndani ya sanduku na kupandishwa ndege kwenda majumba ya maonyesho ya vipepeo Ulaya na Marekani. Akichelewa, mnunuzi atafungua sanduku la mabawa yaliyokunjamana.

Sasa tazama jinsi mnyororo huo ulivyofungwa. Bila msitu hakuna jani, bila jani hakuna kiwavi, bila kiwavi hakuna pesa ya karo. Mkulima aliyetaka msitu ukatwe ndiye sasa anayegombana na wakata miti. Hakuna semina iliyofanya hivyo.

Unachoweza kufanya ni kidogo na kinafika. Lipa kiingilio cha jumba la vipepeo, ambacho hulipwa kando na kile cha magofu. Nunua asali ikiwapo. Kama wewe ni mwalimu, usiwapitishe watoto mbio. Waache wamtazame pupa aliyening'inia, wengine wana mng'ao wa dhahabu utadhani kipuli, kwa kuwa mtoto atakumbuka hicho muda mrefu kuliko mwaka 1399.

Kasoro ipo. Biashara hii imeegemea ndege na wateja wa mbali. Mwaka 2020 safari zilipofungwa na majumba ya maonyesho kufunga milango, soko lilikatika. Kwa hiyo mwenye kutaka msaada usiotikiswa na mambo ya dunia hana budi kuangalia upande wa pili.

Karo kupitia ASSETS

Upande wa pili ni ASSETS, mpango wa A Rocha Kenya, shirika la uhifadhi la Kikristo lenye makao Watamu. Unawalipia karo za sekondari watoto wa familia zinazoishi kandokando ya Arabuko-Sokoke na hori la Mida, na familia hizo kwa upande wao huahidi kuuacha msitu na mikoko kama ilivyo na kupanda miti. Sehemu ya fedha hutoka kwa wageni wanaolipia daraja la kuning'inia lililopita juu ya mikoko ya Mida, mwendo mfupi kutoka Gede, na sehemu nyingine kwa wafadhili wa ndani na nje.

Nikiviweka viwili hivi bega kwa bega, Kipepeo humlipa mtu kwa kazi aliyofanya, na ASSETS humlipia mwanawe kwa ahadi aliyotoa. Kipepeo matokeo yake ni ya wiki; ASSETS ni ya miaka yote ya sekondari, na ukianza usimwache mtoto njiani. Kwa chama cha watu wa pwani walioko Doha wanaochanga kila mwezi, ASSETS inafaa zaidi kwa sababu inapokea mchango wa kudumu na mtoto ana jina na matokeo ya mtihani. Kwa mpita njia, Kipepeo. Ila tukumbuke kwamba zote mbili zinasaidia magofu kwa mzunguko, kupitia msitu na watu. Hakuna hata moja inayoweka jiwe juu ya jiwe.

Chokaa

Anayetaka kuweka jiwe juu ya jiwe atulie asome sehemu hii mara mbili.

Kuta za Gede ni za mawe ya matumbawe yaliyoshikwa kwa chokaa iliyochomwa kutokana na matumbawe hayohayo. Ukuta wa namna hiyo unapumua. Unyevu unaingia wakati wa masika, unatoka wakati wa kaskazi, na chokaa ikiwa laini kuliko jiwe, ndiyo inayochakaa, jiwe likabaki. Ukija mtu mwenye moyo mzuri na mifuko ya saruji, kila kitu kinageuka. Saruji ni ngumu na haipitishi maji. Unyevu na chumvi vinakosa pa kutokea vinapita kwenye jiwe, na baada ya misimu kadhaa utaona mistari ya saruji imesimama peke yake kama mbavu, matumbawe katikati yamekuwa unga. Ukuta uliokuwa na karne nne za kuishi ukapewa miongo miwili.

Ndiyo maana harambee ya kununua saruji kwa ajili ya magofu, ambayo kila baada ya muda fulani mtu huianzisha kwenye kundi la WhatsApp, ni ya kuzimwa kwa upole. Chokaa nzuri huchomwa tanuruni, huzimwa kwa maji, kisha huachwa ikae shimoni muda mrefu kabla ya kuguswa, na mafundi wanaoijua kazi hiyo hawajazi hata basi moja. Kazi yenyewe huhitaji mchoro, picha za kabla na baada, na ruhusa ya Makavazi.

Hivyo njia hii naiachia makampuni, wenye hoteli za Watamu na Malindi, misikiti mikubwa yenye mifuko ya wakfu, na jumuiya za watu wa nje zinazoweza kukusanya fungu la maana. Utaratibu ni kuandika barua kwa Makavazi (ofisi yao ya pwani iko Fort Jesus, Mombasa), kutaja kwamba mchango ni wa Gede na ni wa kazi gani, kuomba makadirio, na kuomba taarifa kazi ikiisha. Mchango uliotajwa kazi yake ni rahisi kuufuatilia. Mchango wa jumla utaingia mfuko wa jumla. Na kama fungu lenu ni dogo, gharamieni mafunzo ya kijana mmoja chini ya fundi chokaa. Ukuta utarudi kuhitaji fundi kila baada ya miaka, na wazee wanaojua wanapungua.

Mikono na sauti

Kujitolea kunapendwa sana kwa maneno. Watu arobaini wenye fulana zinazofanana wakifika Gede bila miadi, wakang'oa magugu kwenye kuta, wanaweza kuondoka na lipu. Mizizi mingine ndiyo iliyoshikilia jiwe na huondolewa kwa mpango. Zungumzeni kwanza na msimamizi. Atawapa njia za kufagia, takataka za kuokota, au watoto wa shule wa kuwagawa makundi. Aprili 18, siku ya kimataifa ya kumbukumbu na maeneo ya kihistoria, na Mei 18, siku ya makumbusho, ni tarehe nzuri za kupendekeza.

Kuna mambo mawili hayagharimu kitu, na kwangu yanashinda siku nzima ya fulana. La kwanza ni kima. Wamejaa Gede na wamezoea watu mno, na kuna wageni wanaokuja na ndizi ili wapigwe picha na kima begani. Kima aliyezoea ndizi humnyang'anya mtoto mkoba, hung'ata, na hushinda akirukaruka juu ya kuta karibu na wageni badala ya kwenda msituni kula matunda yake. Acha ndizi hotelini.

La pili ni vigae, yaani vipande vya vyombo vya kale vilivyovunjika. Sheria ya mwaka 2006 ya makavazi na turathi inavihesabu kuwa mali ya kale vitu vilivyotengenezwa au kuingizwa nchini kabla ya 1895, na kipande cha bakuli la Kichina chenye ua la buluu kimo humo. Kikiwa chini pale kilipoangukia, kinamwambia mtaalamu nani aliishi nyumba ile na alifanya biashara na nani. Kikiwa kwenye kabati lako, ni kigae. Kama nyumbani kwa babu kuna kikopo cha vitu vya namna hiyo, kipelekeni Makavazi na mseme kilikotoka. Utakuwa umechangia kuliko wengi waliotoa pesa.

Sauti nayo ni kwa wenyeji hasa. Kumbukumbu zenye umuhimu wa kitaifa ziko chini ya serikali kuu kwa mujibu wa Katiba ya 2010, lakini barabara, takataka na vibali vya ujenzi vya maghorofa ya jirani vinapitia Kaunti ya Kilifi. Kukitangazwa kikao cha kukusanya maoni ya wananchi kuhusu bajeti au mradi wa Gede na Watamu, nenda. Mara nyingi wanaohudhuria ni wachache hivi kwamba watu kumi wenye hoja moja wanaandikwa kwenye kumbukumbu za kikao.

Ungekuwa wewe?

Mwenyeji wa Kilifi asiye na pesa: kikao cha kaunti, kile kikopo cha vigae, na kumkanya mgeni mwenye ndizi. Familia ya Mombasa au Nairobi: kadi ya Kenya Museum Society, na kila mkienda Gede mchukue mwongozaji na muingie kwa vipepeo. Mwalimu: jumba la vipepeo kwanza, magofu baadaye, kabla jua halijawa kali. Hoteli: chokaa, kwa barua, na menejimenti iache kuwapa wageni ndizi za kima.

Na walioko ng'ambo, mbali na ASSETS na uanachama, wana njia moja ambayo sisi tulio hapa hatuna. Kama mjini kwenu kuna jumba la vipepeo wa nchi za joto, wapelekeni watoto, kisha muulize pale dirishani pupa wao wanatoka wapi. Wakisema Kenya, waambieni mmefurahi. Wakisema kwingine, waambieni kuna watu Gede wanaouza.